A2 ao A1: tuchague namna gani njia ya mutoto mwenye kutaka kuwa muuguzi?

Hapa kwetu kila mutu mwenye kuvaa bluzi nyeupe tunamuita munganga. Awe dokta, awe muuguzi, awe kijana wa staji anayeshika sindano mara ya kwanza, wote kwetu ni munganga. Ni heshima, na hatutaki iondoke. Lakini siku mutoto anaposema nyumbani, "Baba, mie nataka nikuwe munganga," lile neno moja halitoshi tena. Kuna njia mbalimbali za kufika ku ile bluzi. Kila njia ina miaka yake, ina feza yake, na ina mushahara wake kule mwisho. Wazazi wengi wanachagua kwa kusikia jirani, ao kwa kuangalia masomo yaliyo karibu na nyumba.

Sisi si walimu wala si wauguzi. Sisi ni madelege wa sendika, tunafanya kazi ku mugodi sawa ninyi, na wengi wetu tuliishia ku secondaire. Tunaandika juu ya jambo hili sababu limeingia ku biro yetu pamoja na mambo ya kontra na paie, na tuliona kwamba hili nalo ni jambo la kazi.

Limeingia kwa nguvu toka 2025. Munakumbuka: mwezi wa pili serikali ilisimamisha kupeleka kobalti inje ya inchi, na mwezi wa kumi ikafungua tena kwa kipimo, kila kampuni na tani zake. Serikali ilikuwa na sababu yake, bei ya kobalti ilikuwa imeanguka mubaya. Lakini ku nyumba zetu za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi watu walianza kuhesabu upya. Mufanyakazi wa sous-traitance njo anaguswa wa kwanza: kontra yake inakwisha na haianze tena. Sasa muzazi huyo asiyejua kama atapata mushahara kisha miezi sita anaombwa kuchagua masomo ya miaka ine ao ya miaka saba.

Mama mumoja ku biro yetu

Mama huyo alifika kati ya juma, na karatasi ya bwana yake mu mukono. Bwana alikuwa dereva wa lori kubwa ku kampuni ya sous-traitance. Tulifikiri amekuja juu ya hesabu ya mwisho. Tulisoma karatasi mustari kwa mustari, hesabu ilikuwa sawa. Tukamurudishia. Akabaki ameikala.

Halafu akasema: "Ba-delege, hii feza ni ya mwisho. Mutoto wetu mwanamuke amemaliza ya munane. Baba yake anasema aende ku ITM, kisha miaka ine atakuwa na kazi, atatusaidia na badogo yake. Mie nasema amalize humanités, apate diploma d'État, aende ISTM. Tunagombana kila siku. Banamuliza mutoto, analia tu. Ninyi munaona namna gani?"

Tulimuambia arudi kisha juma moja. Kwa kweli hatukuwa na jibu. Tulienda kuuliza: tuliuliza wauguzi wa dispensaire ya kampuni, tukauliza wa centre de santé ya cité, tukauliza vijana wanaosoma. Haya tunayoandika ni yale tuliyokusanya.

Njia ziko tatu

Njia ya kwanza ni ITM, Institut Technique Médical. Mutoto anaingia akiwa amemaliza mwaka wa munane, anasoma kwa kawaida miaka 4, anatoka na diploma ya A2. ITM ziko chini ya wizara ya Afya, na mutihani wao wa mwisho, ile inaitwa jury, unasimamiwa na wizara hiyo. Mutoto anasoma darasani na anafanya staji ku hospitali: kupima homa, kufunga kidonda, kusaidia ku maternité. Uzuri wake ni kwamba mutoto aliyeingia na miaka 15 anatoka na miaka 19, na anajua kazi ya mikono. Ubaya wake ni kwamba tunachagulia mutoto mudogo sana. Kuna watoto wanaogopa damu, na wazazi wanalijua jambo hilo mwaka wa tatu, wakati feza imekwisha kutoka.

Njia ya pili ni ndefu. Mutoto anafanya humanités miaka 4, zaidi ile ya biologie-chimie, anapita Examen d'État, na akiwa na diploma anaingia ISTM, Institut Supérieur des Techniques Médicales. Iko ISTM hapa Lubumbashi, iko Kinshasa, na ziko mu miji mingine. Hizo ziko chini ya wizara ya Masomo ya Juu, si ya Afya. Kule tulikuwa tunahesabu miaka 3 kwa A1, ile inaitwa graduat, na miaka 2 tena kwa licence, ile inaitwa A0. Kwa hiyo toka mwaka wa munane mpaka A1 ni miaka 7. Uzuri wake: mutoto akibadilisha mawazo ku njia, diploma d'État inamufungulia milango mingine. Ubaya wake tunaujua wote: miaka 7 ya minerval, ya transport, ya kulipa nyumba kama anatoka muji mwingine, bila hata franga moja kurudi nyumbani.

Njia ya tatu inaunganisha zile mbili. Mutoto anapata A2, anatumika, kisha anarudi kusoma ISTM akiwa na kazi. Karibu kila A2 tuliyemuuliza alituambia kwamba njo alipanga hivyo. Tuliwauliza pia wangapi wamerudi kweli. Wachache walijibu ndiyo. Wengine walicheka kidogo na kusema: "Bado." Mumoja alikuwa na miaka 41.

Sababu walizotupa zinafanana. Mushahara wa kwanza uliingia, na nyumba yote ikaegama juu yake: minerval ya wadogo, dawa ya mama, kilio cha mujomba. Kisha ndoa, kisha watoto. Na poste ya usiku haiachie mutu nguvu ya kusoma asubuhi. Kwa hiyo njia ya tatu ni nzuri ku karatasi, lakini inavunjikia nyumbani kwetu, si ku masomo.

Neno moja, maana mbili

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawajasikia bado. Toka mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia ku mufumo wa LMD: licence miaka 3, master miaka 2, doctorat miaka 3. Graduat inaondoka. Zamani mutu akisema "niko licencié", tulijua amesoma miaka 5 kisha diploma d'État. Leo licence ni jina la miaka 3, sawa graduat ya zamani. Neno ni moja, miaka si moja.

Ku masomo jambo hilo litapata njia yake. Ku kazi, njo shida. Mu mapatano ya pamoja tuliyosoma sisi, kati ya kampuni na sendika, cheo cha muuguzi bado kinaandikwa kwa maneno ya zamani: A2, A1, A0. Kijana akileta licence mupya ya miaka 3, atawekwa wapi? Mukubwa wa personnel anaweza kusema: "Huyu ni A1, miaka yake ni 3." Kijana atasema: "Diploma yangu imeandikwa licence." Wote wawili wana sehemu ya haki, na kama hakuna mustari ulioandikwa, atakayeshinda ni yule mwenye kushika kalamu ya paie.

Juu ya hiyo tunaambia madelege wenzetu: mukikaa ku meza ya mapatano mara nyingine, musiongee tu juu ya asilimia ya mushahara. Muombe mustari mumoja unaosema licence ya LMD inaingia ku kategoria gani, na master ku kategoria gani. Mustari huo haulipishe kampuni kitu leo. Kesho utaokoa watoto wenu mabishano mengi.

Kazi si sawa na mushahara

Baba ya yule mutoto alisema: "Kisha miaka ine atakuwa na kazi." Kazi atapata, hatukatae. Wagonjwa hawakosekane. Lakini kazi ni kitu kimoja, mushahara ni kitu kingine.

Ku serikali, muuguzi anaweza kuingia ku centre de santé, akashika poste, akazalisha wamama usiku, na jina lake lisiwe ku listi ya paie ya Kinshasa. Wako wenye matricule bila mushahara. Wako wasio na matricule wala mushahara. Wanaishi na prime kidogo inayotoka mu feza wagonjwa wanalipa. Njo maana tunaona migomo ya wauguzi inarudi mwaka kwa mwaka. Na wakati tunalalamika kwamba ku hospitali banatuomba feza kwa kila karatasi, tukumbuke pia kwamba mwenye kuomba hajalipwa.

Ku polyclinique za watu binafsi mu muji, mwenye nyumba analipa vile anataka. A2 wako wengi, na mwenye nyumba anajua.

Ku kampuni za mine iko tofauti. Code du travail ya 2002 inalazimisha mwenye kazi kutunza mufanyakazi, muke wake ao bwana wake, na watoto wake wakigonjwa. Kwa hiyo kampuni lazima iwe na dispensaire ao iwe na mapatano na hospitali. Hata tani zikipunguzwa, malaria haifuate bei ya kobalti. Kule muuguzi analipwa kufuatana na kategoria, na tofauti kati ya A2 na A1 inaonekana ku bulletin ya paie kila mwezi, mpaka pension. Lakini nafasi hizo ni chache, na kampuni nyingine zimekwisha kuachia kazi ya dispensaire kwa sous-traitance, mahali muuguzi anavaa bluzi yenye jina la kampuni kubwa na anapokea mushahara wa kampuni ndogo.

Tusijidanganye pia na kumbukumbu. Wengi wetu tumelelewa na Gécamines. Hospitali yake, masomo yake, posho ya unga: baba alifanya kazi, na kampuni ikajua mutoto atafanya nini. Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka mu miaka ya 1980. Mu 1994 haikufikisha tani 50,000. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa ile iliitwa départs volontaires. Toka siku zile hakuna kampuni inayomuchagulia mutoto wetu. Tunachagua sisi wenyewe, na tukikosa, tunalipa sisi wenyewe.

Sisi tulikosa mara moja

Lazima tuseme jambo hili. Miaka michache iliyopita rafiki mumoja wa kazi alituuliza ampeleke wapi mutoto wake. Sisi tukamuonyesha masomo mamoja ya uuguzi yaliyofunguliwa karibu na cité. Nyumba ilikuwa na rangi mupya, wanafunzi na bluzi zao safi, mukubwa wa masomo anaongea muzuri. Hatukuomba karatasi hata moja. Mutoto alisoma miaka miwili. Wakati wa kutafuta staji, hospitali ilimukatalia: yale masomo hayakuwa na ruhusa ya wizara. Miaka miwili ilipotea, na feza ya baba ilipotea pamoja nayo. Yule rafiki hakutugombeza. Alisema tu, "Ninyi njo madelege, nilifikiri munajua." Lile neno bado liko naye, liko nasi.

Juu ya hiyo, mbele ya kulipa franga ya kwanza, muulize mambo haya, na musione haya:

1. Masomo yako na ruhusa ya wizara gani, ya tarehe gani? Muombe kuona karatasi, musiikilize tu maneno. Kisha muende kuuliza ku division provinciale ya Afya kama ni ITM.

2. Wanafunzi wanafanya staji ku hospitali gani? Muende kule, muulize muuguzi mukubwa kama anawajua. ITM isiyo na hospitali ni sawa kujifunza kuogelea mu nyumba.

3. Ku jury ya mwaka uliopita walipeleka wanafunzi wangapi, na wangapi walipita?

4. Kama mutoto anapata A2 pale, ISTM itamupokea na diploma hiyo? Muulize ISTM yenyewe, si mwenye kuuza nafasi.

5. Mutoto atajiandikisha namna gani ku Ordre des infirmiers? Ordre hiyo iliundwa na sheria ya mwezi wa saba 2016, na muuguzi lazima aandikwe mule mbele ya kufanya kazi. Siku kitu kinatokea ku mugonjwa, wa kwanza kuulizwa ni yule asiye na karatasi.

Feza iko pia nje ya mufuko wa baba

Jambo la mwisho ni la sisi wote, hata wasio na mutoto wa kusomesha.

Code minier ya 2018 inalazimisha kila kampuni inayochimba kutosha 0.3% ya feza yote inayouza kwa mwaka juu ya maendeleo ya watu wanaoishi karibu na mugodi. Tena ku redevance minière, 15% ni ya secteur, chefferie ao commune ya mahali mugodi uko. Na kampuni inasaini cahier des charges na watu wa pale juu ya mambo itafanya kwa miaka mitano.

Mu mikutano tuliyofuata, watu wanaomba nyumba: nyumba ya masomo, nyumba ya centre de santé. Nyumba inaonekana, mukubwa anakata kamba, wanapiga picha. Kisha tunapita mu centre de santé hiyo na tunakuta muuguzi mumoja tu, infirmier titulaire, mchana na usiku. Siku moja walileta pale vijana wawili wa creuseurs waliofunikwa na udongo mu shimo. Muuguzi alikuwa peke yake, na mama mumoja alikuwa anazaa ku chumba cha pili. Alikimbia kati ya vyumba viwili. Mutoto alizaliwa muzima, kijana mumoja akapona. Wa pili hakufika usiku. Hatusemi kwamba wauguzi wawili wangemuokoa, hatujui. Tunasema kwamba ukuta ulikuwa mupya na mikono ilikuwa miwili tu.

Kwa hiyo tunaomba watu wa mitaa na vijiji, na wajumbe wao wanaokaa ku meza ya cahier des charges, waweke mustari wa watu, si wa matofali tu: bourse kwa watoto wa pale wanaotaka uuguzi, na bourse kwa A2 wanaotumika tayari na wanataka kurudi ISTM. Anayesaidiwa asaini kwamba atatumika pale hesabu ya miaka fulani. Na bourse ishindaniwe kwa mutihani wazi, majina yabandikwe ku mulango. Bila hivyo itakuwa ya watoto wa wakubwa, tunajuana.

Yule mama alirudi

Alirudi kisha juma moja, safari hii na bwana yake na mutoto mwenyewe. Tuliwaeleza yote haya. Kisha tulimuuliza mutoto, sababu hakuna aliyemuuliza bila kelele. Alisema, "Nataka ku ITM. Lakini sitaki kuishia pale."

Baba alinyamaza sana. Hesabu ya mwisho yake ilikuwa inatosha kwa mwaka moja na nusu wa ITM, si kwa miaka saba ya kitu chochote, na wote watatu walilijua. Wakapatana hivi: mutoto aingie ITM yenye hospitali, mama aingie mu likelemba ya wamama wa soko, na zamu yake ya kupokea mwaka wa mwisho iwe ya ISTM, isiguswe. Na baba akasema mbele yetu kwamba mushahara wa kwanza wa mutoto hautasomesha wadogo wote. Nusu itabaki yake. Tuliandika ile nusu ku karatasi, akasaini. Si karatasi ya tribunal, ni ya nyumba. Lakini akisahau, sisi tuko hapa, na kopi iko ku biro.

Hatuwezi kuwaambia kwamba walichagua muzuri. Tutajua kisha miaka ine. Wazazi wengine wenye feza kidogo zaidi, ao mutoto asiyejua bado anataka nini, wafanye vizuri kumuacha amalize humanités kwanza. Lakini kila muzazi ahesabu miaka, aombe karatasi, amuulize mutoto bila kelele. Na aseme mapema, mbele ya watu, ule mushahara wa kwanza utakuwa wa nani.